Leseni ya Serikali na Hukumu ya Mola: Bahati Nasibu za Hisani Kibera na Kawangware

  

Swali limetufikia kutoka kwa mama mmoja, mzaliwa wa huku kwetu Pwani, ambaye yeye na mumewe wamefanya maskani Kawangware, Nairobi, kwa miaka mingi. Mwanawe wa kiume ni katibu wa kikundi cha vijana kinachotaka kujenga vyoo na kuweka tangi la maji katika mtaa wao, karibu na madrasa wanamosoma watoto wadogo. Baadhi ya wenzake wamependekeza wachapishe tikiti za shilingi mia moja moja, waziuze Kawangware na kwa marafiki zao wa Kibera, kisha siku ya siku ichezeshwe bahati nasibu na mshindi apewe pikipiki. Faida itajenga vyoo. Kijana amemtuliza mamake kwa kumwambia kwamba wataomba leseni, na leseni ikipatikana kila kitu kitakuwa halali. Mama anauliza: je, leseni ile yatosha?

Swali hili si la mama huyu peke yake. Ni nadra siku hizi kupata nyumba ya Pwani isiyokuwa na mtoto, ndugu au shemeji Nairobi, na wengi wao, kwa kuwa kodi ya nyumba ni ghali, hukaa katika mitaa kama hii. Kibera nayo si ugenini kwa Muislamu. Ni mtaa ulioasisiwa na Wanubi, askari Waislamu wenye asili ya Sudan waliowekwa pale na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne iliyopita, na adhana ilisikika Makina kabla ya sehemu nyingi za jiji hilo kujengwa. Kwa hiyo yanayowashughulisha watu wa Kibera na Kawangware yanatushughulisha na sisi.

Kabla ya kujibu yapasa tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu, "halali" ni neno lenye milango miwili. Mtu akisema biashara fulani ni halali, huenda akakusudia kwamba haivunji sheria ya nchi, na huenda akakusudia kwamba haivunji amri ya Mwenyezi Mungu. Mara nyingi milango hiyo hufunguka pamoja, na ndiyo maana twaisahau tofauti. Katika jambo hili la bahati nasibu mmoja uko wazi na mwingine umefungwa. Basi tuutazame kila mmoja kwa haki yake, tukianza na ule wa serikali, kwa sababu hata huo wengi wanaupita bila kusoma kilichoandikwa juu yake.

SHERIA YA NCHI YASEMAJE

Kwa muda wa karibu miaka sitini, mambo ya kamari nchini Kenya yalisimamiwa na sheria ya mwaka 1966, Sura ya 131 ya Sheria za Kenya, iliyounda Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari. Msingi wa sheria ile ni jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui: kwa asili, bahati nasibu ilikuwa ni marufuku. Haikuwa biashara iliyo wazi kwa kila mtu kisha ikawekewa mipaka, bali ilikuwa jambo lililokatazwa, kisha likatolewa ruhusa chache kwa masharti. Serikali isiyohukumu kwa dini yoyote iliiona hatari ya mchezo huo ikaufunga kwanza, ndipo ikafungua matundu machache.

Tundu la kwanza ni bahati nasibu ndogo inayochezwa ndani ya hafla, kama vile maonyesho ya shule, tamasha la michezo au bazari ya kuchangisha pesa. Masharti yake ya msingi ni kwamba tikiti ziuzwe palepale kwenye hafla, faida isiingie mfukoni mwa mtu binafsi, na zawadi isiwe pesa taslimu. La pili ni bahati nasibu ya faragha, ya wanachama wa chama kimoja au wafanyakazi wa mahali pamoja, isiyouzwa kwa watu wa nje. La tatu ni bahati nasibu ya umma, yenye kuuza tikiti kwa kila apitaye njiani, na hiyo ndiyo iliyohitaji idhini maalumu ya Bodi.

Mwenye kuomba idhini hiyo hutakiwa kwanza awe ni mtu anayetambulika kisheria. Kikundi cha vijana kisichosajiliwa, hata kama kina nia safi namna gani, mbele ya ofisi hakina jina. Kikundi cha mtaa husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Jumuiya husajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 108. Mashirika makubwa ya hisani yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 lakini ikaanza kutumika rasmi Mei 14, 2024, ikichukua nafasi ya sheria ya zamani ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Baada ya usajili, mwombaji hueleza kheri anayoichangia, idadi na bei ya tikiti, zawadi zitakazotolewa, na namna kura itakavyochezeshwa. Kura yenyewe huchezeshwa mbele ya ofisa wa serikali, na hesabu hutakiwa kurudishwa baadaye.

Mwaka 2025 sheria hiyo ya zamani iliondolewa na Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari, iliyotiwa saini na Rais mwezi wa Agosti, na kazi ya Bodi ikapewa Mamlaka mpya. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeyagawa mambo ya kamari baina ya serikali ya taifa na serikali za kaunti, kwa hiyo aliye Nairobi hukutana na ofisi za pande zote mbili. Na mtoto aliye chini ya miaka 18 hana ruhusa ya kushiriki katika kamari. Lisemwe hili waziwazi, kwa sababu upo mtindo wa kuwapa watoto wa shule vitabu vya tikiti waende kuviuza kwa majirani, na watu wazima wakaona ni jambo dogo.

Tumeyaeleza haya si kwa kumwelekeza mtu kwenye njia hiyo, bali kwa sababu kijana anayesema "tutaomba leseni" ni vema ajue anachokiomba. Leseni si baraka. Ni ruhusa ya kufanya jambo ambalo mtunga sheria mwenyewe aliliogopa.

HESABU YA SHILINGI MIA MOJA

Sasa tuje kwenye hesabu, maana pesa za maskini zapaswa kuhesabiwa mara mbili. Chini ya utaratibu wa Bodi, mwenye bahati nasibu ya umma alitakiwa kutoa angalau asilimia 25 ya mauzo kwa ajili ya kheri aliyoitaja. Robo. Zinazobaki hugawanywa baina ya zawadi, kodi, uchapishaji, mawakala, matangazo na faida ya mwendeshaji. Wala isidhaniwe kuwa jambo hili ni la Kenya tu. Uingereza ilipoanzisha bahati nasibu yake ya taifa mwaka 1994, katika kila pauni moja kiasi cha peni 28 tu ndizo zilizokwenda kwenye mambo ya kheri.

Tuchukue mfano. Watu elfu moja wa Kibera na Kawangware, kila mmoja anunue tikiti moja ya shilingi 100. Jumla ni shilingi 100,000. Ikiwa kheri itapata robo, vyoo vile vimepata shilingi 25,000. Pesa hizohizo zingalipatikana kwa watu 250 tu kutoa shilingi mia mia bila ya kutarajia kitu. Na lau wale elfu moja wangalitoa bila tikiti, madrasa ingalipata laki nzima.

Tena tujiulize, hao elfu moja ni nani? Si matajiri wa Karen wala Muthaiga. Ni mama anayeuza mboga Toi, ni kijana wa mjengo anayeondoka Gatina alfajiri kutafuta kibarua, ni mlinzi wa usiku. Mtu wa namna hii akitoa shilingi mia kwa ajili ya tangi la maji, ametoa sadaka kubwa kuliko shilingi laki ya tajiri. Lakini akiitoa kwa matumaini ya pikipiki, sadaka yake imeondoka na matumaini yake hayakurudi. Watu 999 watarudi nyumbani mikono mitupu ili mmoja apande pikipiki.

Lipo na jingine. Kheri iliyojengwa juu ya kamari huwa mgeni katika nyumba ya kamari, na njaa ikiingia mgeni ndiye wa kwanza kuondoka. Wakenya waliliona hili kwa macho. Serikali ilipopandisha kodi ya kamari hadi asilimia 35 kuanzia Januari 1, 2018, kutoka asilimia 5 kwa bahati nasibu na asilimia 7.5 kwa ubashiri wa michezo, kampuni ya SportPesa ilitangaza mara moja kuondoa udhamini wake katika soka ya nyumbani, zikiwamo timu za Gor Mahia na AFC Leopards. Kodi ikapunguzwa baadaye mwaka huohuo hadi asilimia 15, na baadhi ya udhamini ukarudi, lakini mwaka 2019 kampuni ikasimamisha shughuli zake nchini kwa mgogoro mwingine wa kodi, na vilabu vikaachwa tena njiani. Ule haukuwa mchezo wa tikiti za hisani, ni kweli, lakini funzo ni lilelile: mkono unaotoa kwa sababu ya faida hufumba faida inapopungua.

MAISIRI YA WAARABU ILIKUWA NI HISANI

Tumeutazama mlango wa kwanza. Tuje sasa kwenye mlango wa pili, ambao ndio anaouuliza mama yetu.

Watu wengi hudhani kwamba Qur'ani ilipokataza kamari ilikataza ulevi wa watu waliopotea, wenye kupoteza mali zao kwa anasa, na kwamba mchezo wenye nia ya kusaidia ni jambo jipya lisilojulikana zama zile. Hapa ndipo penye jambo la kushangaza, na ningependa kila kijana wa kikundi kile alisikie vizuri.

Wafasiri wa Qur'ani wametusimulia jinsi Waarabu wa zama za ujahili walivyokuwa wakicheza maisiri. Zilipofika siku za baridi na ukame, na njaa ikawashika wanyonge, watu wakubwa wa kabila walikuwa wakinunua ngamia, wakamchinja na kumgawa mafungu. Kisha huletwa mishale kumi ndani ya mfuko. Saba kati yake ina sehemu, kuanzia fungu moja hadi saba, na mitatu haina kitu. Mtu mwaminifu hutia mkono na kuitoa mmoja mmoja kwa majina ya wachezaji. Aliyetokewa na mshale wenye sehemu hupata nyama, na aliyetokewa na mshale mtupu hulipa bei ya ngamia bila kupata kitu. Basi na ile nyama? Washindi hawakuwa wakiila. Walikuwa wakiwapa mafakiri, na wakijifakharisha kwa hilo. Aliyekataa kuingia katika mchezo alishutumiwa kuwa ni bahili, asiye na huruma kwa wenye njaa.

Tazama, ndugu msomaji. Zawadi ipo, kura ipo, wenye kulipa na kukosa wapo, na faida yaenda kwa maskini. Toa ngamia uweke pikipiki, toa mishale uweke tikiti, utaona kwamba vijana wetu hawajabuni jambo jipya. Maisiri ile ilikuwa bahati nasibu ya hisani.

Juu ya hali hiyo ndipo iliposhuka Aya ya 219 ya Suratul Baqara, ambayo haikukanusha kwamba pombe na kamari zina manufaa kwa watu. Iliyakubali manufaa hayo, kisha ikabainisha kwamba dhambi yake ni kubwa zaidi. Hatimaye Suratul Maida, Aya ya 90 na ya 91, zikafunga mlango kabisa, zikaiweka kamari katika safu moja na pombe na masanamu, na zikaeleza sababu: shetani huitumia kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kuswali. Kwa hiyo udhuru wa kwamba "pesa zitawasaidia maskini" haukusahauliwa. Ulisikilizwa tangu siku ya kwanza, ukapimwa, ukaonekana mwepesi.

Yapo na mafundisho ya Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, kwamba mtu akimwita mwenzake waje wacheze kamari, basi na atoe sadaka. Fikiri juu ya hilo. Kule kuita tu, kabla ya mchezo, kumewekewa sadaka iwe ni kafara yake. Sadaka ni maji ya kuoshea uchafu wa kamari. Vipi basi tuichukue kamari tuifanye ndoo ya kutekea sadaka?

Wanazuoni wa zama zetu hawakulinyamazia jambo hili. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, ambaye wengi humjua kwa wepesi wa fatwa zake, katika kitabu chake mashuhuri cha halali na haramu ameihesabu bahati nasibu kuwa ni aina ya kamari, na akatahadharisha isirahisishwe kwa jina la jumuiya za hisani au malengo ya kibinadamu.

KURA SI KAMARI

Ili tusije tukaharamisha lililo halali, yapasa tutenge mambo mawili yanayofanana kwa sura. Kupiga kura, yaani kura ya bahati, si haramu kwa asili yake. Qur'ani imetutajia kura iliyopigwa katika kumlea Bi Maryamu, na kura iliyompata Nabii Yunus jahazini. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze anapotaka kusafiri. Katika kura hizo hakuna aliyeweka mali yake rehani, akipata achukue ya mwenzake na akikosa ipotee yake. Ni watu wenye haki sawa wanaotaka kujua nani atangulie.

Kwa hiyo, ikiwa mfadhili atatoa baiskeli, na watoto wote wa madrasa waliohitimisha juzuu wakapigiwa kura bila kulipa chochote, hiyo ni zawadi. Lakini siku utakapomwambia mtu alipe ndipo aingie katika kura, au ukapandisha bei ya kiingilio kwa sababu ya zawadi, umevuka mpaka.

NJIA ZILIZO WAZI

Mtu aliyemwambia mwenzake "usipite hapa" na asimwonyeshe pa kupita, hakumsaidia. Watoto wa Kawangware wanahitaji choo na maji, na haja hiyo haingoji. Zipo njia, na baadhi yake zina sunna ndani yake.

Ya kwanza ni mnada. Katika Sunan ya Abu Dawud imesimuliwa habari ya Ansari mmoja maskini aliyekuja kuomba. Mtume (S.A.W.) akamwuliza ana nini nyumbani, akaleta tandiko na bakuli. Mtume akavinadi mbele ya sahaba zake. Mmoja akasema dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa dirhamu mbili. Moja ilinunua chakula cha familia, na ya pili ilinunua shoka, akaamrishwa akakate kuni na asionekane kwa siku 15. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Mnada wa hisani basi si wa kuazima kwa wengine. Kikundi kile kinaweza kuinadi pikipiki ileile: anayeitoa bei kubwa anaondoka nayo, na hakuna aliyelipa akakosa.

Ya pili ni bazari. Akina mama wa Kibera na Kawangware hawahitaji kufundishwa kupika mahamri, viazi karai na biriani. Mnunuzi atoa pesa, apata chakula, na faida yote yaenda kwenye mradi. Hapo hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu.

Ya tatu ni mchango wa wazi, harambee. Hapa pia sheria ipo: kukusanya pesa za umma kumewekewa masharti katika Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, kwa hiyo kikundi kisajiliwe na kipate kibali kabla ya kutembeza makopo barabarani. Lakini zaidi ya kibali, watu wa mitaa hii wamekwisha kuchoshwa na michango isiyo na hesabu. Mara nyingi kinachowafanya vijana waikimbilie bahati nasibu si ubahili wa watu bali ni imani iliyovunjika, maana mtu asiyekuamini hatakupa mia yake mpaka umwonyeshe pikipiki. Dawa ya imani iliyovunjika ni karatasi ubaoni. Bandikeni mlangoni mwa msikiti na mlangoni mwa madrasa: tulipokea kiasi hiki, tulinunua saruji mifuko hii, risiti ndizo hizi, imebaki hii. Wekeni wenye kutia saini wawili au watatu katika akaunti, wala msiiweke katika simu ya mtu mmoja. Fanyeni hivyo miezi mitatu, mtaona mia za watu zikija bila tikiti.

Ya nne ni wakfu, na hii ni ya wenye subira. Kibanda kimoja cha kukodisha kikiwekwa wakfu kwa ajili ya usafi wa madrasa, kodi yake ya kila mwezi itatengeneza bomba na kununua sabuni baada ya sisi sote kuondoka duniani. Huku Pwani tumezoea kuona misikiti na visima vikisimama juu ya wakfu wa watu ambao hata majina yao yamekwisha kusahauliwa. Kwa nini Nairobi isiwe hivyo? Wanubi wa Kibera walingoja zaidi ya karne moja kupata hati ya ardhi yao, na mwaka 2017 wakakabidhiwa hati ya ekari 288. Ardhi ile haikupatikana kwa tikiti yenye bahati. Ilipatikana kwa subira, kwa mahakama na kwa umoja wao.

JIRANI NA TIKITI YAKE

Yabaki suala la adabu. Mitaa ile si ya Waislamu peke yao. Jirani yako Mkristo atakuja na tikiti za bahati nasibu ya shule ya mwanawe, na nia yake ni njema. Usimfukuze, wala usimhubirie mlangoni kana kwamba ni mhalifu. Toa ile shilingi mia, mpe kwa mkono wa kulia, mwambie: "Jirani, hii ni kwa ajili ya shule. Tikiti wekeni." Utakuwa umesaidia elimu, umelinda ujirani, na umejiepusha na shubuha.

Na kila mtu aweza kuyapima moyo wake kwa jambo hilohilo. Ikiwa unaweza kuitoa mia na kuiacha tikiti, ulikuwa unatoa sadaka. Ikiwa mkono wazuia mia pindi tikiti inapoondolewa, basi ilikuwa ni pikipiki unayoitafuta, si choo cha watoto.

Vilevile, mgonjwa Muislamu anayetibiwa katika zahanati iliyojengwa na wengine kwa pesa za aina hii hana dhambi kwa kutibiwa kwake. Ama kamati ya msikiti inayotaka kwenda kuomba ruzuku kwa waendesha kamari, hiyo na isiende kabla ya kukaa na wanazuoni wake, kwani kupokea kilichokujia ni jambo moja na kulitangaza jina la kamari mlangoni pa msikiti ni jambo jingine.

KWA WAZAZI

Enyi wazazi, tusidanganyike kwamba haya ni mambo ya tikiti moja. Siku hizi kijana akikwambia ana mkeka, usifikiri ni mkeka wa kuswalia. Ni orodha ya mechi alizozichezea kamari kwa simu yake. Kibera na Kawangware zimeshuhudia mashine za kamari zikiingizwa hata ndani ya maduka ya mitaani, zikimeza sarafu za shilingi ishirini za watoto waliotumwa unga, mpaka serikali ikaamuru zikamatwe na kuteketezwa. Kijana anayekulia mahali kama pale ana vita kubwa ndani ya nafsi yake. Msikiti na madrasa ndipo mahali pawili ambapo haombwi kubahatisha. Tukimpa tikiti mkononi na kumwambia kwamba hii ni ya kheri, tumempa hoja ya maisha yake yote. Kesho atakwambia kwamba naye akishinda atatoa fungu la maskini.

Jibu letu kwa mama wa Kawangware basi ni hili. Leseni ya serikali huondoa kosa mbele ya serikali, na haiondoi hukumu ya Mwenyezi Mungu. Mwanawe asijitoe katika kikundi kwa hasira, wala asiwaite wenzake wapotovu, kwani nia yao ni nzuri na haja yao ni ya kweli. Awaendee na njia mbadala iliyo tayari: tarehe ya bazari, orodha ya vitu vya kunadi, na daftari la hesabu lililo wazi kwa kila mtu. Mara nyingi watu huifuata bahati nasibu kwa sababu tu hakuna aliyesimama na kusema, "Mimi nitaishika kazi ya njia nyingine." Na nyinyi mlio huku Pwani, mnaosoma haya baada ya swala ya Ijumaa, mkisikia kikundi cha watoto wenu Nairobi kimeiacha tikiti kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, msiwaachie duwa peke yake. Watumieni mia zenu.